Wapo Waliolala Hawakuamka

Sala ile naijua kwa moyo, na wewe kama umekulia kanisani unaijua. Hakuna anayekufundisha. Unaiokota tu, kama unavyookota lafudhi ya kwenu. Jumamosi hiyo ya mwaka 2021 jumuiya yetu ilikutana barazani kwa mwenzetu mmoja hapa Kimara, Dar es Salaam, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wengine kwenye viti vya plastiki, wengine mkekani na watoto wao. Mwenyekiti akaniangalia, akasema, "Baba, tufungulie kwa sala." Nikasimama, nikafumba macho, mdomo ukaondoka wenyewe.

"Baba wa mbinguni, tunakushukuru kwa asubuhi hii. Si kwa wema wetu, wala si kwa nguvu zetu. Wapo walioiona jana, wakatamani kuiona leo, hawakuiona. Wapo waliolala hawakuamka. Wapo ambao muda huu wako wodini, wanapumua kwa mashine, wananunua hewa ambayo sisi tunaivuta bure. Sisi ni nani, Bwana?"

Nilipofika kwenye mashine sauti yangu ilishapata ule mtetemo ambao, nikiri tu, huwa naupenda. Watu wakaguna kwa kukubali. Amina ikaitikiwa vizuri.

Mkekani, mgongo kauegemeza ukutani, alikuwa amekaa mama mmoja ambaye miezi miwili kabla tulimzika kijana wake. Siku kumi na tisa wodini, tano za mwisho kwenye mashine. Wala sikuhadithiwa. Nilikuwa kwenye kamati ya msiba, daftari la rambirambi niliandika mimi, jeneza nilibeba. Ungeniuliza dakika moja kabla sijasimama ningekutajia mpaka namba ya kitanda. Lakini sala ile ina mtaro wake, na mimi nilikuwa nimeshauingia.

Ibada ikaisha, tukanywa chai ya rangi na viazi vitamu. Yeye alikuwa zamu ya kuosha vikombe, mimi nikawa nakusanya viti. Nikainama kuchukua kiti kilichokuwa karibu na beseni lake. Hakuniangalia. Akasema, taratibu kabisa, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya:

"Baba, zile siku kijana wangu yuko kwenye mashine, asubuhi zile, ni nyumba ngapi zilikuwa zinamshukuru Mungu kwa ajili yake?"

Nikadhani nimemwelewa. "Nyingi, mama. Tulikuwa tunamwombea kila siku."

"Sisemi kumwombea."

Akaendelea kuosha vikombe.

Nilitembea kwenda nyumbani nikijitetea kichwani. Utetezi wenyewe haukuwa mbaya, ngoja niuandike. Sala ile ina nusu mbili. Nusu ya kwanza, "si kwa wema wetu, wala si kwa nguvu zetu", ni ya unyenyekevu kabisa. Mtu anakiri kwamba hakujiamsha. Hilo ni jambo kubwa katika nchi ambayo kila kona kuna semina ya kukufundisha kwamba mafanikio yako yako mikononi mwako. Walioitunga, wazee wetu wa kwenye mitaa na sharika za vijijini, walikuwa watu waliozika sana. Waliposema "wapo waliolala hawakuamka" walikuwa wanataja majina kimoyomoyo. Ilikuwa sala ya watu wanaoomboleza na kushukuru kwa pumzi moja.

Sisi tumeirithi bila majina. Kwetu "wapo" imekuwa watu fulani, mahali fulani, ambao kazi yao ni kuwa na hali mbaya ili hali yetu ionekane nzuri. Nusu ya pili inakula nusu ya kwanza. Nimeanza kwa kusema sina wema wowote, nikamaliza nikiwa nimesimama juu ya kitanda cha mgonjwa.

Jioni ile nikafungua Luka 18, ile habari aliyoisimulia Yesu ya Farisayo, mshika dini sana, na mtoza ushuru, mtu wa kudharauliwa. Nimeisikia tangu Shule ya Jumapili na siku zote nilijiweka upande wa mtoza ushuru. Sijawahi kukutana na mtu aliyejiweka upande mwingine. Safari hii nikasoma polepole. Sala ya Farisayo inaanza hivi: "Ee Mungu, nakushukuru kwa kuwa mimi si kama watu wengine." Nakushukuru! Ni sala ya shukrani. Kati ya wale watu wawili waliopanda kwenda hekaluni, aliyetoa shukrani ni Farisayo peke yake. Mtoza ushuru hakushukuru kwa chochote. Na Farisayo hakusema uongo kwenye sala yake, kwa kadiri tunavyoambiwa: alifunga mara mbili kwa juma, alitoa zaka, hakunyang'anya mtu. Tatizo lake ni kwamba shukrani yake ilihitaji mtu wa kusimama pembeni. Mtoza ushuru asingekuja hekaluni siku ile, Farisayo angebaki na funga zake na zaka zake, na sala isingekuwa na utamu ule.

Waliotafsiri Biblia yetu ya Union, ile ya mwaka 1952 ambayo wengi tumelelewa nayo, walikuwa na sikio. Luka anasema mfano ule waliambiwa "watu waliojikinai ya kuwa wao ni wenye haki". Kujikinai. Neno lenyewe tunalitumia mezani. Mtu anakula wali wa nazi mpaka umemkinai, hataki tena hata kuuona. Sasa huyu amekinai, na chakula kilichomshibisha ni yeye mwenyewe.

Halafu kuna neno la mtoza ushuru: "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi." Radhi. Nikalifuata neno hilo kama unavyofuata mtu unayedhani unamfahamu. Likanipeleka Wafilipi 4, kwa Paulo: "nimejifunza kuwa radhi na hali yoyote niliyo nayo." Ni neno lile lile, na kwenye Kigiriki wanaojua wanasema ni maneno mawili yasiyohusiana. Kwa hiyo siwezi kujenga fundisho la imani juu yake, mchungaji wangu asije akaniita ofisini. Ila sisi tunasoma kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili mtu anayeomba radhi, mzazi anayetoa radhi, na mtu aliyeridhika na maisha yake, wote wanakunywa kisima kimoja. Mimi naona yule mtoza ushuru ndiye aliyeteremka nyumbani kwake ameridhika. Yule mwingine aliteremka amejikinai, na kesho yake ilibidi atafute mwingine wa kulinganishwa naye.

Baada ya hapo nikajiwekea sheria: nitamshukuru Mungu bila kumtaja mtu aliye chini yangu. Sikutegemea ingekuwa ngumu vile. Nikianza, "Asante kwa afya", akili inaongeza, "wengine wanaumwa." "Asante kwa chakula", inaongeza, "wengine wamelala njaa." Kumbe shukrani zangu zote zilikuwa na mkia. Zamu yangu ilipofika tena pale jumuiyani nikasimama, nikakaa kimya kama sekunde ishirini, nikasema, "Bwana, asante kwa chai hii, na kwa hawa waliokuja. Amina." Nikakaa. Mzee mmoja alinifuata baadaye akaniuliza kama presha imepanda.

Kwa kweli lugha yetu ya kushukuru ni pana kuliko tunavyoitumia. Chukua tu salamu. "Habari za nyumbani?" "Tunamshukuru Mungu." Mtu wa nje atadhani hilo ni jibu moja. Ukilisema haraka, kichwa kimeinuka, maana yake mambo ni mazuri sana ila sitaki yasemwe. Ukilishusha sauti kwenye "Mungu", maana yake hali si nzuri na tafadhali usiulize zaidi. Ukitanguliza pumzi ndefu, nyumbani kuna mgonjwa. Jirani yangu Mwislamu ana "Alhamdulillahi" yenye ngazi hizo hizo, na tumeishi ukuta kwa ukuta muda mrefu kiasi kwamba akiitikia tu najua kama anadaiwa. Haya yote ni kushukuru, na hakuna hata moja linalomlinganisha mtu na mtu. Yule anayesema "tunamshukuru Mungu" huku mgonjwa yupo ndani, anashukuru kutokea wapi? Sijamaliza kuliwaza hilo. Nadhani yuko karibu zaidi na Paulo kuliko mimi na mtetemo wangu.

Maana Paulo naye tumemkata vipande. "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu" utaiona nyuma ya daladala, kwenye fulana za mahafali, kwenye kava la simu ya bodaboda. Mstari unaoutangulia haupo kwenye fulana yoyote: "Najua kudhiliwa, tena najua kufanikiwa, katika hali yoyote, na katika mambo yoyote, nimefundishwa kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa." Mambo yote anayoyaweza ni hayo, na njaa imo. Aliandika akiwa kifungoni. Na sura ile ukiisoma yote kwa mkupuo utagundua ni barua ya kushukuru kwa mzigo! Wafilipi walimtuma Epafrodito na msaada, naye Paulo anaandika kwamba amepokea. Anawaambia hana shida, amejifunza kuridhika, halafu papo hapo: "Lakini, mlifanya vema, kushiriki nami katika dhiki yangu." Unaona anavyohangaika na maneno? Mtu mzima, msomi, amezoea kutoa, sasa ametumiwa vitu. Nilikuwa nikisoma pale napita haraka. Mwaka 2023 nikapunguza mwendo.

Mwaka huo kazi yangu iliisha. Nilikuwa mhasibu kwenye kampuni ndogo, kampuni ikafungwa, na nikakaa miezi saba bila mshahara. Sina la kusimulia kuhusu miezi saba ambalo hujui. Unauza gari, unahamisha mtoto shule, unajifunza kwamba kuna watu simu zao huwa ziko kwenye mkutano. Nitasimulia siku moja tu.

Jumuiya yetu kila Desemba huandaa kapu la Krismasi kwa wenye uhitaji. Mchele kilo tano, sukari kilo mbili, mafuta lita moja, sabuni ya mche, na kuku kama michango imekaa vizuri. Kwa miaka minne orodha ya wanaopewa niliandika mimi, maana nilikuwa mweka hazina. Nilikuwa na daftari maalumu. Tulikuwa tunazunguka jioni na vijana wawili, tunaingia kwenye vyumba, tunasali, tunapiga picha moja ya kumbukumbu, tunaondoka. Na kila mwaka nikirudi nyumbani nilikuwa namwambia mke wangu maneno yale yale: "Mama, tumshukuru Mungu. Ungeona wenzetu wanavyoishi." Nilikuwa nasema kwa moyo safi kabisa. Usiku huo nilikuwa nalala vizuri, hata godoro nililihisi upya.

Desemba 2023 daftari lilikuwa kwa mwingine. Siku tatu kabla ya Krismasi, saa kumi na moja jioni, geti likagongwa. Nikachungulia dirishani, nikawaona wale vijana wangu wawili, mmoja amebeba kiroba begani. Nilijua uzito wa kile kiroba bila kukigusa. Nikamwambia mke wangu, "Waambie wapeleke kwa wanaohitaji." Akaniangalia. Akajitanda khanga, akatoka, na mimi nikaingia chumbani nikakaa kwenye ukingo wa kitanda na mlango nikaurudisha.

Nikamsikia akifungua geti. Akapokea kwa mikono miwili. Sikuona, ila namjua. "Asanteni wanangu. Mungu awabariki sana. Karibuni ndani mnywe maji." Wakaingia. Wakaketi sebuleni kwangu, wakasali sala fupi, wakamuulizia baba, akasema baba amepumzika kidogo. Mmoja wao, nilimsikia vizuri, alisita kidogo kabla ya kusema, "Msalimie sana." Hawakupiga picha. Nafikiri walinionea aibu, au walinihurumia, na sijui ni ipi nilitaka iwe.

Nilikaa pale kitandani mpaka giza likaingia, na kilichonijia hakikuwa mstari wa Biblia. Nilijiuliza mweka hazina mpya akifika kwake usiku huu atamwambia nini mke wake.

Hapo ndipo nilipolielewa swali la yule mama. Lilikuwa limekaa miaka miwili.

Wiki ile tulikula mchele wa jumuiya. Ulikuwa mchele mzuri, wa Kyela, una harufu. Sikukuu pia tulipata kuku. Ilinichukua mpaka Januari kwenda kusema asante, na nilipofika kwa mwenyekiti nikaanza na maelezo marefu kwamba mambo yatakaa sawa, kwamba kuna sehemu nimeitwa kwenye usaili, kwamba hata hivyo hatukuwa tumekwama kabisa. Akaniacha nimalize. Akasema, "Karibu, baba. Mchele uliwafikia?" "Ulitufikia." "Basi." Nikaona hata asante yangu nilikuwa nimeivalisha suti.

Niseme jambo moja hapa kwa sababu najua kuna atakayeyatumia vibaya haya ya kuridhika. Niliwahi kuwa na bosi, sitamtaja, aliyekuwa akituhubiria kwenye kikao cha Jumatatu. Mishahara imechelewa wiki ya tatu, yeye anafungua Luka 3: "mtoshewe na mishahara yenu." Tukaitikia amina, tufanyeje. Baadaye nikaenda kusoma mwenyewe. Maneno yale Yohana Mbatizaji aliwaambia askari, watu wenye silaha, na kabla yake aliwaambia wasimdhulumu mtu. Aliwaambia waridhike ili wasiwapore wasio na silaha. Kumgeuzia mstari huo mfagizi anayedai haki yake ni kuishika Biblia kichwa chini. Yakobo naye ameandika kwamba ujira uliozuiwa kwa hila unapiga kelele. Kuridhika ambako aliyeshiba anamwagiza mwenye njaa, mimi sikujui.

Sasa nina kazi. Ni ndogo kuliko ya kwanza, nipo nayo. Daftari la kapu limerudi kwangu, nililikataa mara mbili, wakasema mwandiko wangu unasomeka. Vijana nimewaomba picha tuache. Tukifika kwa mtu sasa tunakaa, tunapewa maji, tunakunywa. Nikirudi nyumbani mke wangu ananiuliza, "Mmefikaje?" namjibu tumefika salama, na nafunga mdomo hapo, ingawa ule mkia bado upo, nauhisi ukitikisika.

Lakini nikitafuta siku ambayo nilimshukuru Mungu bila mkia kabisa, siikuti kwenye ibada yoyote. Naikuta Oktoba 2022, maji ya Mto Ruvu yalipopungua na jiji lote likaingia kwenye mgao. Huku kwetu mlimani tulikaa siku nyingi bila tone. Dumu la lita ishirini lilikuwa linapanda bei kila asubuhi, na nguo tulikuwa tunavaa kwa kubahatisha.

Usiku mmoja, saa nane, nikasikia geti linapigwa kwa kiganja. "Jirani! Jirani! Maji!" Ni yule wa Alhamdulillahi. Nikatoka na kaptula. Alikuwa ameloa mpaka magotini, bomba lake linakohoa hewa na kutema maji ya rangi ya chai, pipa lake halijafika hata robo, na tayari alikuwa amegonga nyumba nne. Nikamuuliza mbona hajajaza kwanza. Hakunijibu, alishakwenda nyumba ya tano, ndala zinapiga kelele gizani.

Nikafungua la kwangu. Likatoa mluzi, likanyamaza, likatoa maji. Nilicheka peke yangu, Mungu ni shahidi. Mke wangu akaamka, watoto wakaamka, kila chombo kikatoka nje, masufuria, beseni la mtoto, mpaka birika. Mtaa mzima taa zimewaka, watu wanaongea kwa sauti ya mchana. Nikamwachia mke wangu bomba, nikakimbilia kwa yule mama.

Nilimgongea, akafungua akiwa ameshika ndoo mbili, khanga ameifunga kifuani, kama mtu aliyekuwa anasubiri nyuma ya mlango. Bomba lake liko uani. Akaweka ndoo ya kwanza chini yake, akafungua, tukasimama wote wawili tukisikiliza. Maji yakiingia kwenye ndoo tupu yana sauti nene, halafu sauti inapanda, inapanda, kadiri ndoo inavyojaa.

"Asante Mungu," akasema. "Asante Baba."

Akabadilisha ndoo. Halafu akanisukuma bega kwa mkono uliolowa.

"Umesimama nini? Nenda nyumba ya kona, yule bibi hasikii. Usigonge mlangoni, gonga dirishani, upande anaolala."

Nikaenda.